Kofia Zilizovuliwa Njia ya Kabambare

Nyinyi wenzangu wa soko la Kasongo mmeniuliza kila mmoja kwa wakati wake, na kila mmoja nimemjibu nusunusu kwa sababu mteja alikuwa anangoja mchele. Sasa naandika yote kwa mara moja, msomeane. Atakayeniuliza tena baada ya hapa nitampimia mchele wenye mawe.

Nianze na lile mnalolijua. Mimi Mwamini, Mama Riziki, muuza mchele na mawese, nina gari. Sisemi pikipiki, wala gari ndogo ya kupeleka maharusi msikitini. Ni pikapu ya kazi nzito, nyeupe, inayovuta kwa magurudumu yote manne, na springi zake za nyuma ni nene kuliko mkono wangu. Mtasema naringa. Ndiyo, naringa. Aliyesukuma baiskeli yenye magunia katika vilima vya matope miaka niliyosukuma mimi, ana ruhusa ya kuringa mpaka achoke mwenyewe.

Mambo ya kuagiza na makaratasi yake sitayaandika, yanachosha. Nitataja moja tu. Kijana wa ndugu yetu anayeishi Dar es Salaam, ambaye ndiye aliyeniagizia, alinipigia simu akaniuliza nataka injini gani, bodi ndefu au fupi, rangi gani. Nikamjibu: "Nataka kikanyagio cha kupandia upande wa abiria." Akacheka sana. Akasema watu wote wanauliza nguvu, shangazi peke yake anauliza ngazi.

Hakujua sababu, na wengine wenu pia hamjui. Baba yangu alifia hapa Kasongo wakati mama yuko kwao Kabambare. Mama aliposikia, alipanda pikipiki aje kumzika mume wake, na pikipiki ikamwangusha kabla hajafika mbali. Nyonga ikavunjika. Wakamrudisha Kabambare kwa machela, baba akazikwa bila yeye. Tangu siku hiyo mama anatembelea fimbo, hawezi kupanua miguu kukaa juu ya pikipiki, na ameapa kwamba hata angeweza asingepanda. Na njia ile mnaijua: bila pikipiki ni miguu. Kwa hiyo mama yangu hajawahi kuliona kaburi la mume wake. Kila nikienda kumwona ananiuliza, "Udongo umeshashuka?" Mimi gari sikuinunua kwa ajili ya mchele, hata kama mchele ndio utakaoilisha. Niliinunua nimfikishe mama kwenye kaburi lile kabla naye hajapata lake.

Kalemie, bandarini

Meli ya kutoka Kigoma ilipaswa kufika Jumatatu. Ikafika ilipotaka yenyewe. Mimi niliingoja bandarini Kalemie, nimekaa juu ya mfuko wangu, nikila ndakala, dagaa wa ziwani, wa kukaanga na bugali kwa mama mmoja ambaye mwishowe aliacha kuniita mteja akawa ananiita shemeji. Alinizoea hadi akawa ananituma nimwangalizie sufuria.

Ilipoteremshwa gari yangu, nililia. Dereva niliyempata, Kabwe, mtu wa Kalemie mwenye maneno mengi na kofia nyekundu asiyoivua hata akila, alinitazama akasema: "Mama, watu wanalia wakipoteza gari, weye unalia ukiipata."

Nikaizunguka. Taa zipo, winchi ipo mbele, tairi ya akiba ipo. Kikanyagio hakipo. Nikampigia simu yule kijana pale pale. Akasema, "Lo, shangazi, tumesahau. Tutakituma." Sitaandika nilichomjibu, maana hii barua itasomwa na watoto pia. Nilisimama kando ya mlango wa abiria nikapima kwa macho: kiti kilinifika kifuani. Mama yangu ni mfupi kuliko mimi.

Kalemie mpaka Kongolo

Kuna mahali kabla ya Nyunzu ambapo njia imekuwa shimo, na ndani ya shimo kuna lori, na nyuma ya lori kuna watu wanaoishi hapo. Sitanii. Walikuwa wamejenga vibanda, wanauza chai na ndizi za kuchoma, na mama mmoja alikuwa ameshaanika nguo. Lori limelala upande wa kulia na matope yamefika mlangoni. Magari mengine mawili yanangoja. Pikipiki zinapita pembeni zikitucheka.

Kabwe aliteremka akatazama kwa muda, kisha akarudi akaniuliza kwa heshima, maana gari ni yangu: "Mama, tujaribu?"

Nikasema tujaribu.

Akafunga waya wa winchi kwenye mti mkubwa na mnyororo kwenye lori. Wanaume wote wa kile kijiji cha matope wakasukuma. Wenyewe walikuwa wamekata matawi mabichi wakayatandika chini ya magurudumu, kama tunavyofanya sote huku ili tairi lipate pa kushika. Gari yangu ikanguruma, ikatetemeka, nikadhani inakufa siku yake ya kwanza kazini. Lori likasogea kidogo. Likasogea tena. Kisha likatoka mzimamzima, na wanawake wakapiga vigelegele mpaka mwenye nguo akasahau nguo zake zimerushiwa matope.

Dereva wa lori alimshika Kabwe mkono, kisha akaja kwangu. "Hii gari ni ya bwana yako?" akauliza.

"Bwana yangu ni mimi," nikamwambia.

Usiku ule nililala kwenye kiti cha mbele kama malkia, nimejifunika kitenge, wala sikusikia mbu.

Kupitia Wamaza mpaka nyumbani

Upande wa Wamaza tulisimama tupoze injini. Kufumba na kufumbua, akina mama wakaanza kuja na watoto wachanga migongoni, wakajipanga mstari mrefu mbele ya mlango wangu. Nikadhani wamekuja kuishangaa gari. Nikateremka nikiwa nimejiweka sawa, nikatabasamu. Wa kwanza akamfunua mtoto wake bega akanisogezea.

"Mama, anza na huyu, iko na homa kidogo."

Walidhani ni gari ya chanjo. Ni nyeupe, ni ndefu, ndani yake kuna mwanamke mnene mwenye miwani: wangedhani nini? Nilipowaeleza kwamba ni gari yangu tu, ya mchele, hawakuamini. Mzee mmoja akaniambia waziwazi: "Hapa kwetu gari haikuje bure. Inaleta sindano, ao inaleta kura, ao inaleta maiti. Ya kwako inaleta nini?"

"Inanileta mimi, papa."

Akaguna. Wakatupa mihogo ya kuchemsha na karanga hata hivyo, na mstari ukavunjika taratibu, bado wengine wakigeuka kuhakikisha kwamba sina sindano. Nililicheka neno la yule mzee mpaka Kasongo. Ningelishika, yasingenipata yaliyonipata.

Mapokezi ya Kasongo mliyafanya nyinyi wenyewe, siwezi kuwasimulia. Nitasema tu kwamba mtu aliyeimwagia gari yangu maji ya waridi kwenye kioo na vumbi lile, Mungu amsamehe. Tulikwangua kutwa nzima.

Kasongo mpaka Kabambare

Hapa ndipo mlipokuwa mnaniuliza, na hapa nitakwenda polepole.

Nilimnunulia mama godoro jipya, refu, na kwa sababu ya vumbi nikalizungushia shuka nyeupe na kulifunga kamba kichwani, katikati na miguuni. Likalala katikati ya bodi. Hilo ni la kwanza.

Asubuhi njiani tukawakuta kina mama na vijana wa kwaya ya kanisa, wanarudi kwao kwa miguu kutoka sherehe ya parokia. Wamechoka, sare zao zimejaa vumbi. Nikawapakia wote. Wakaketi upande huu na upande huu wa godoro, miguu ndani, wakiliangalia lisiruke. Hilo ni la pili.

Kisha tukanasa kwenye bonde la mto mdogo. Si kunasa kwa aibu, tulitoka wenyewe. Lakini tulikata matawi mengi mabichi ya kutandika, na Kabwe akasema mbele kuna mabonde mengine, kwa nini tukate tena? Akayapakia yote. Mengine akayachomeka kwenye chuma cha mbele, mengine wanakwaya wakayashika mikononi, mengine wakayalaza juu ya godoro. Tena alikuwa amewasha zile taa za hatari za kuwakawaka wakati tumenasa, akaziacha. Nilipomwambia azime, akasema gari kama hii inapaswa kuonekana. Nikaona ana akili.

Tukaenda polepole sana, kwa ajili ya watu wa nyuma. Na wanakwaya, kwa shukrani, wakaanza kuniimbia. Si nyimbo za kuruka. Walikuwa wamechoka, wakaimba zile za taratibu, sauti nne, nzuri kiasi kwamba mimi Mwislamu niliteremsha kioo nisikie.

Na hapo, wenzangu, ndipo nilipoanza kuheshimiwa.

Kijiji cha kwanza, wanaume waliokuwa wanacheza dama wakasimama wote pamoja wakavua kofia. Cha pili, mama aliyekuwa anatwanga akashusha mchi, akaweka mikono kichwani. Watoto waliokuwa wakitukimbilia wakavutwa nyuma na wazazi wao. Waendesha baiskeli wakashuka na kusimama kando ya njia, macho chini. Nikamwambia Kabwe, "Umeona watu wa huku wanavyojua heshima? Kasongo wananiomba lifti tu." Nikawapungia mkono. Hakuna aliyenipungia. Nikasema, ni haya zao.

Kichwa kimenivimba namna hiyo, usingizi ukanichukua. Nikajifunika kitenge mpaka usoni kwa sababu ya jua, nikalala kwenye kona ya kiti. Kabwe alinihadithia baadaye kwamba mwenye pikipiki mmoja alitukaribia, akaendesha sambamba nasi kidogo, akauliza kwa sauti ya chini: "Shofere, gari ni ya nani?"

"Ya Mama Riziki wa Kasongo. Tunaenda Kabambare kwa mama yake."

Yule mtu akatazama nyuma, akayaona matawi, kwaya na shuka nyeupe iliyofungwa kamba. Akatikisa kichwa, akasema "Pole sana," akatimua mbio. Kabwe akadhani anatupa pole ya barabara.

Kwaya tuliiacha kijijini kwao. Wakashuka wakiibusu bodi ya gari. Matawi wakayaacha, wakayapanga vizuri juu ya godoro ili lisipigwe jua.

Kabambare

Tuliingia Kabambare jua likiwa linaelekea kushuka. Njiani kuelekea kwa mama hapakuwa na mtu. Duka la kona limefungwa. Nikasema labda ni sala. Tulipokata kona nikasikia kilio.

Mnajua kilio cha msiba hakifanani na kingine. Kilikuwa kinatoka kwenye uwanja wa mama yangu. Uwanja umejaa, wanawake wamevua vitambaa, wanaume wameketi kwenye viti vilivyoazimwa, masufuria makubwa yako motoni. Sikufikiri. Niliona jambo moja tu: mama amekufa, nami nimechelewa na gari yangu. Winchi ya nini, springi za nini? Sikungoja Kabwe asimamishe. Nilifungua mlango nikaruka, nikaanguka kwa magoti, nikainuka nikipiga mayowe, "Mama! Mama eeh! Mama, mbona hukuningoja!"

Kilio cha uwanjani kikakatika ghafla. Mwanamke wa kwanza aliyeniona akapiga ukelele mwingine kabisa, akakimbia. Viti vikaanguka. Mama mdogo Feza, mdogo wake mama, mwanamke mwenye mwili kunishinda mimi, aliruka sufuria la wali kama msichana. Katikati ya uwanja nikabaki peke yangu na moto.

Kisha nikasikia sauti kutoka ndani ya nyumba, imekauka kwa kulia.

"Nani huyo analia sawa Mwamini?"

"Ni miye, mama!"

Kisha fimbo, ko, ko, ko, kwenye sakafu. Mama akatokea mlangoni, nywele wazi, macho yamevimba. Akanitazama. Akatazama gari, na matawi, na ile shuka nyeupe.

"Na mule iko nani?"

"Iko godoro yako, mama."

Akanijia, fimbo ikamponyoka. Akanishika uso kwa mikono miwili, akanipapasa mabega na mikono kama mtu anayechagua kuku sokoni. Kisha akanizaba kibao kimoja cha nguvu, na papo hapo akaniangukia shingoni. Tukalia wote wawili, yeye ananililia mimi na mimi namlilia yeye, kila mmoja akimshika maiti wake aliye hai. Sijui muda gani. Najua kwamba katika maisha yangu sijawahi kupigwa kibao kitamu kama kile.

Watu walirudi kidogokidogo. Walipoeleweshwa, wengine walicheka, lakini wazee hawakucheka. Mama mdogo Feza aliirudia gari, akasimama mbali nayo.

"Yaya," akamwambia mama, dada yake mkubwa, "hii gari imeshaliliwa. Njia nzima watu wameilia. Mutu muzima hapandi kitu kililiwa namna hii. Muiuze."

Nilimjua mama yangu, anaheshimu mambo hayo. Nikaona kiti kile cha mbele kikibaki kitupu, na kaburi la baba likiendelea kumngoja.

Mama aliketi kwenye kiti cha msiba, akafikiri, akajifuta pua na upindo wa kitenge.

"Machozi ni maji," akasema mwishowe. "Na gari inaoshwa na maji. Lakini hawa watu wamekuja kulia kwa miguu. Siwezi kuwarudisha vile vile. Wali uko tayari?"

"Uko tayari."

"Wakule kwanza. Kisha kila mutu aliyelia arudishwe kwake na hii gari. Akicheka. Asiyecheka ashuke."

Basi tulikula msiba wangu mimi mwenyewe: wali, sombe ya majani ya mihogo iliyojaa mawese, na mbuzi wa jirani ambaye alikuwa amekwisha kuchinjwa na hakuweza kufufuka kama mimi. Nilikula sahani mbili. Wali wa matanga yako mwenyewe ni mtamu, mniamini.

Ikabaki kupanda. Mama alifika kwenye mlango wa abiria, akatazama juu. Nikaanza kueleza habari za kikanyagio na yule kijana wa Dar es Salaam. Hakunisikiliza. Akanyoosha fimbo kwenye kinu kikubwa walichotwangia sombe ya msiba.

"Leta ile. Geuza."

Kinu kikapinduliwa, kikawekwa chini ya mlango. Kabwe akavua kofia yake nyekundu, mara ya kwanza tangu Kalemie, akamshika mkono mmoja, mimi mwingine. Mama akakanyaga kinu, akanyanyua nyonga yake mbovu kwa mikono yake mwenyewe, akakaa. Akavuta mlango kwa nguvu. Akateremsha kioo.

"Feza! Panda nyuma, ucheke!"

Tuliizunguka Kabambare mpaka giza. Mama mdogo Feza alijikaza mitaa miwili. Kwenye shimo la tatu akacheka mpaka akapaliwa.

Kurudi

Tuliondoka asubuhi. Kinu tulikipakia, nimekifanya ndicho kikanyagio, na kile cha Dar es Salaam kikifika nitakiuza.

Njiani mama alitazama kila kitu kwa dirisha: mahali alipoanguka, vilima alivyopanda na mizigo akiwa msichana. Matawi tulikuwa tumeyatupa na taa zimezimwa, lakini gari ilikuwa imeshajulikana, na vijijini wanaume wakawa wanasimama. Wengine walivua kofia kwa mashaka. Mama akawa anatoa kichwa nje, anapaza sauti: "Vaeni! Vaeni kofia! Tuko wazima!" Nyuma yetu tuliacha vicheko. Niliwahi kuvuliwa kofia na nikavimba kichwa, lakini siku nilipoona fahari ni siku kofia zilipovaliwa tena.

Kasongo hatukupita nyumbani. Tulikwenda moja kwa moja makaburini. Mama akashuka kwa kinu, akafika kwa fimbo, akaketi chini kando ya baba. Nikamwonyesha upande wa kichwa. Akapitisha kiganja juu ya udongo, taratibu, kama anavyopangusa mkeka. Aliomba dua.

"Nimekuja," akasema. "Nimekaa mbele." Akapumua. "Na kama walikuambia ya kama Mwamini iko njiani anakuja kwako, usimungoje. Ni uongo. Iko na gari, iko na kazi mingi."